Vipuri vya pikipiki: duka la punguzo la mtandaoni au kaunta ya hapa Arua

Nina pikipiki mbili, na zote mbili ni za kazi. Ya kwanza ni Bajaj Boxer 150, ambayo kila fundi wa Uganda anaijua hata akifumba macho. Ya pili ni Yamaha DT 125 ya zamani, niliyoinunua kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa likifunga mradi wake hapa West Nile. Kazi yangu ni kutibu mifugo, na katika wiki ya kawaida huzunguka Maracha, Terego na Koboko nikiwa nimebeba kisanduku cha chanjo ambacho barafu yake haimsubiri mtu. Pikipiki ikisimama, ndama wa watu hawachanjwi. Kwa sababu hiyo, kwa muda wa miaka minne sasa nimekuwa nikiandika katika daftari moja kila kipuri ninachonunua, mahali nilipokinunua, siku nilizosubiri, jumla ya fedha zilizonitoka na muda ambao kipuri chenyewe kilidumu. Haya ninayoyaeleza yametoka katika daftari hilo, na maduka sitayataja kwa majina.

Upande mmoja wa daftari ni maduka ya mtandaoni yanayouza kwa punguzo. Mengine yako Kampala, mengine China, India au Uingereza, lakini utaratibu wao ni mmoja: unaangalia picha, unalipa kwa kadi au kwa pesa ya simu, kisha unasubiri kifurushi. Upande wa pili ni wauza vipuri wa kawaida, yaani maduka ya hapa mjini Arua, pamoja na maduka makubwa ya Ndeeba na Kisekka kule Kampala, ambayo ndiyo yanayotulisha sisi tulioko mbali. Kutoka Kampala hadi hapa ni karibu kilomita 500, na kila kipuri kinachouzwa kwenye kaunta ya Arua kimelipiwa nauli ya basi kabla hakijafika rafuni. Mteja anayeona bei ya Arua iko juu kuliko ya Ndeeba na kudhani anaibiwa hajapiga hesabu ya hizo kilomita.

Nianze na seti ya cheni, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kusoma bei. Mwaka jana cheni ya Boxer ilianza kuruka meno kila nilipopanda mlima nikiwa na mzigo. Katika duka moja la mtandaoni niliona seti nzima, cheni na sproketi zake mbili (zile gia za meno inazozungukia), kwa shilingi 38,000, wakati Hajji ambaye nimezoea kununua kwake alikuwa akiuza seti ya aina hiyo kwa 75,000. Nililipa siku hiyo hiyo. Ndipo yakaanza kuja yale ambayo picha haikuyaonyesha: shilingi 22,000 za kusafirisha mpaka Kampala, na 8,000 za basi kutoka Kampala mpaka Arua. Jumla ikawa 68,000. Kwa hiyo ile nafuu niliyoiona kuwa karibu nusu ya bei ilikuwa shilingi 7,000 tu, nami niliingojea kwa siku 19 nikiendesha cheni iliyolegea, jambo ambalo sasa ninajua halikuwa salama.

Kifurushi kilipofika, cheni yenyewe ilikuwa sawa. Ilikuwa nambari 428, inayotumika katika pikipiki nyingi ndogo, na umbali kutoka pini hadi pini ulikuwa milimita 12.7 kama inavyotakiwa, niliupima mwenyewe. Sproketi ya mbele iliingia bila tatizo. Ya nyuma ndiyo iliyokataa. Fundi alijaribu kuizungusha huku na huku, kisha akaniambia niipeleke kwa Hajji pamoja na ile ya zamani. Hajji aliichukua ya zamani, akaifuta grisi kwa kitambaa, akailaza juu ya ile mpya, akazinyanyua zote mbili kuelekea mlangoni penye mwanga. Tundu moja la bolti lilipitisha mwanga wote. Katika matundu mengine, ukingo wa chuma ulikuwa umechomoza mithili ya mwezi mwandamo, milimita mbili hivi, kiasi ambacho bolti haiwezi kupita. “Daktari,” aliniambia, kwani hapa mjini ndivyo wanavyoniita, “hii si ya Boxer yako.” Tangazo la duka lilikuwa limeandika kwamba seti hiyo inaingia katika Boxer zote.

Niliwaandikia wauzaji, nao walijibu kwa adabu kwamba wako tayari kuipokea tena sproketi hiyo, ila gharama ya kuirudisha ni juu yangu. Gharama hiyo ilikuwa kubwa kuliko thamani ya sproketi. Nikanunua ya nyuma kwa Hajji kwa shilingi 28,000, na hesabu nzima ikasimama kwenye 96,000, kwa kitu ambacho ningekipata kwa 75,000 asubuhi ile ile bila kungoja. Waswahili wanaita hali hii kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini lazima niseme kwamba hata mimi sikuwa nimeuliza idadi ya matundu wala umbali kati ya tundu na tundu. Jina la pikipiki peke yake halitoshi kuagizia kipuri. Kampuni hubadilisha vipimo toleo moja hadi jingine huku jina likibaki lile lile, na mwuzaji aliye mbali hana sproketi yako ya zamani mkononi mwake.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kaunta inakupa na ambalo haliandikwi kwenye stakabadhi: mtu anayekipokea kipuri chako kilichochakaa, anakigeuza, anakilinganisha na kipya, na kama havifanani anakirudisha rafuni kabla hujatoa hata shilingi. Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuliona. Hajji huandika kwa kalamu, chini ya kila boksi la vipuri vya breki na klachi, mwezi alioupokea mzigo huo. Nilimwuliza sababu. Akanieleza kwamba vijana wa boda boda wanaoegesha mbele ya duka lake wakirudi wawili au watatu na lalamiko moja kuhusu boksi la mwezi fulani, boksi zima linaondolewa na mtu aliyemletea Kampala anapigiwa simu. Waendeshaji hao wengi wananunua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila wiki, na kijana anayepoteza siku mbili kwa sababu ya kipuri kibovu hanyamazi. Kwa hiyo kila kipuri ninachokichukua pale kimeshajaribiwa na watu waliotangulia, na habari zao zimemfikia mwuzaji. Katika duka la mtandaoni nilisoma maoni ya wateja, lakini sikuweza kujua kama mzigo waliousifu ndio huo utakaotumwa kwangu, wala kama barabara zao zinafanana na ya Koboko.

Sitaki mtu adhani kwamba kaunta ni mahali pa malaika. Plagi mbovu kuliko zote nilizowahi kufunga niliinunua hapa nchini, katika duka lenye milango mitatu na foleni ya wateja, ikiwa ndani ya boksi lenye jina la NGK. Chapa hiyo huigwa sana kwa sababu kila mtu anaiamini. Ilidumu siku tisa. Nilipoitoa, niliisugua sehemu nyeupe ya kauri kwa kitambaa chenye petroli, na maandishi yakabaki kwenye kidole gumba changu kama wino wa kupigia kura. Uzi wa skrubu nao ulikuwa na makali yaliyochongwa ovyo, ambayo yangeweza kuiharibu hedi ya aluminiamu, yaani kifuniko cha silinda ambamo plagi hufungwa. Nilirudi dukani na stakabadhi yangu, na mhudumu akanijibu kwamba bidhaa ikishatoka haijulikani tena ilipotoka. Katika duka hilo hilo nimewahi pia kutajiwa bei moja, kisha nikamsikia mwenyeji wa pale akitajiwa bei ya chini zaidi kwa kipuri kile kile. Mgeni katika maduka makubwa ya Kampala hana budi kuulizia bei sehemu tatu kabla ya kufungua mkoba. Tofauti na hapo, Hajji aliponiuzia kebo ya klachi iliyokatika baada ya wiki mbili, alinibadilishia bila maneno mengi, kwa kuwa ananijua, anamjua fundi wangu, na anajua kwamba mwezi ujao nitarudi. Nimepata kwake pia mkopo wa kipuri mpaka mwisho wa mwezi zaidi ya mara moja. Ninachokisifu, basi, ni mwuzaji ambaye utaonana naye tena kesho, na mwuzaji wa namna hiyo hapatikani katika kila duka lenye kaunta.

Kuhusu breki nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa hasara haihesabiwi kwa shilingi. Niliwahi kuagiza jozi tatu za viatu vya breki za Boxer kutoka duka la punguzo, kwa bei iliyokuwa chini ya theluthi moja ya bei ya hapa. Katika picha vilikuwa vizuri, na hata vilipofika vilionekana vizuri. Kiatu cha breki ya ngoma ni chuma cha mviringo ambacho juu yake umegandishwa ukanda mgumu unaosugua ngoma, na kila kitu kinategemea ile gundi. Katika wiki ya tatu, nikishuka mteremko kwenye barabara ya Koboko na kisanduku cha chanjo nyuma, nilikanyaga breki, nikasikia kishindo kidogo, na gurudumu la nyuma likajifunga lenyewe. Ukanda ulikuwa umebanduka kwenye chuma, ukajikunja na kukwama kati ya kiatu na ngoma. Nilianguka upande wa kushoto. Nilichubuka goti, na dozi zote za siku hiyo zikaharibika juani wakati nikifungua gurudumu kando ya barabara. Fundi alipoukunja ule ukanda uliobanduka, chini yake hapakuwa na gundi kote, palikuwa na mistari miwili tu ya gundi pembeni, na katikati chuma kilikuwa kikavu na kisafi.

Jozi mbili zilizobaki nilizikatakata kwa msumeno ili mtu asizifunge. Tangu siku hiyo sinunui breki, cheni wala tairi ambazo sijazishika kwa mkono wangu. Viatu vya breki nakagua ukingo wa gundi kwa ukucha pande zote. Ukucha ukiingia popote, naviacha. Kwenye tairi natafuta tarakimu nne za mwisho katika namba ya DOT iliyo ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi kwenye ghala lenye joto inaweza kuwa na meno mapya huku mpira wake umekwisha kukauka, na duka la mtandaoni nililoliuliza tarehe hiyo halikunijibu.

Sasa nije kwenye DT 125, kwa sababu huko mambo yaligeuka kabisa. Pikipiki hii inatumia injini ya mipigo miwili, na silinda yake ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56. Yangu ilikuwa imekwisha kuchongwa mara moja kwa robo milimita, na ilipoanza kupoteza nguvu, fundi aliipima akasema sasa inahitaji pistoni ya ziada ya 0.50, yaani pana kwa nusu milimita kuliko ile ya kiwandani. Hajji hakuwa nayo, wala duka lolote la Arua. Nilisafiri hadi Ndeeba, nikazunguka siku nzima, na kitu pekee nilichopewa ni pistoni ya pikipiki nyingine ambayo kijana mmoja aliniahidi kuipunguza kwa tupa mpaka ikubali. Nilimshukuru nikaondoka. Katika injini ya mipigo miwili pistoni ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda, na urefu wake ukikosewa kidogo tu, injini inapumua kwa wakati usiostahili.

Nilipata duka moja Uingereza linalouza kwa punguzo vipuri vya pikipiki za Kijapani za zamani. Safari hii sikuagiza kwa jina la pikipiki. Namba za vipuri vya Yamaha zina utaratibu: herufi na tarakimu tatu za mwanzo zinataja toleo ambalo kipuri kilitengenezewa kwanza, tarakimu tano za katikati zinataja aina ya kipuri, na mbili za mwisho zinaonyesha mabadiliko yaliyofuata. Tarakimu 11631 katikati ni pistoni, na 11181 ni gasketi ya hedi, kwa hiyo hata mtu asiyejua lugha ya mwuzaji anaweza kuhakikisha kwamba wanazungumza kitu kimoja. Niliwaandikia namba ya fremu na kipimo cha silinda, wakaniuliza maswali mawili ya maana kabla ya kupokea fedha yangu. Maswali hayo yalinipa imani kuliko punguzo lao. Duka linalokimbilia kupokea malipo bila kuuliza namba ya fremu ya pikipiki ya miaka thelathini, mimi siliagizi tena.

Nilisubiri wiki tano na siku nne. Kipuri kilikuwa na bei nzuri, lakini ushuru wa forodha ulikuwepo, na baada yake VAT ya 18%, ambayo haihesabiwi juu ya bei ya kipuri peke yake bali juu ya thamani pamoja na ushuru uliokwisha kuongezwa. Shemeji yangu aliyeko Kampala alikwenda kukichukua mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuwa na nakala ya risiti ya malipo. Yote hayo yameandikwa katika daftari, na hata baada ya kuyajumlisha nilikuwa radhi. Pistoni ilikuja imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, ikiwa na alama ya 0.50 kichwani na mshale wa kuelekeza upande wa ekzosi, ringi zikiwa kwenye bahasha yake. Fundi wangu alikuwa amekataa kuichonga silinda mpaka pistoni iwe mkononi mwake, na alikuwa sahihi, kwa kuwa silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyopo na si namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Leo injini hiyo inawaka kwa kiki ya kwanza.

Kuna vitu ambavyo havistahili mjadala mrefu. Mafuta ya injini na betri nunua karibu, kwa kuwa ni vizito na vina masharti yake katika ndege. Kwenye chupa ya mafuta angalia maandishi ya JASO MA, alama ya mafuta yanayofaa klachi ya pikipiki inayofanya kazi ndani ya mafuta, ili klachi yako isiteleze. Beringi zina namba zilizo sawa dunia nzima: 6202 ni milimita 15 kwa 35 kwa 11 popote utakapoinunua, kwa hiyo kuiagiza mbali hakuna hatari ya kukosea kipimo, ila tofauti ya bei ni ndogo mno kiasi kwamba nauli inaimeza. Vitu vikubwa vyenye uwazi ndani usiviagize kabla ya kuulizia uzito wa kukadiria. Nilipotaka tangi la DT, boksi lake lilikuwa sentimita 60 kwa 35 kwa 35. Kampuni za usafirishaji wa haraka huzidisha vipimo hivyo na kugawa kwa 5,000, na tangi lisilofika kilo sita likahesabiwa kuwa la kilo 14.7. Lile la zamani lilichomelewa hapa hapa mjini na halivuji.

Wala subira si ya mtandaoni peke yake. Mwaka 2024, daraja la Karuma, lililo kwenye barabara ya kutoka Kampala kuja huku, lilipofungwa kwa matengenezo na mabasi yakalazimika kuzunguka, rafu za Arua zilipungukiwa na vipuri vya kawaida kabisa, na Hajji aliniambia wazi kwamba hajui lini atapata pleti za klachi. Kuanzia hapo ninaweka nyumbani akiba ya kebo mbili, plagi moja, tyubu na jozi moja ya viatu vya breki, na hivyo ndivyo ninavyowashauri wenzangu wa vijijini, ambao hawana duka la aina yoyote karibu nao.

Wiki hii nimeagiza kutoka lile duka la Uingereza sili mbili za krenki ya DT, kwa namba zake kamili, na ninatarajia kuzipata baada ya mwezi mmoja hivi. Viatu vya breki vya Boxer nimevichukua jana kwa Hajji kwa shilingi 14,000. Nilipitisha ukucha kwenye ukingo wa gundi mbele yake, na jozi ya kwanza niliyoishika akaiweka kando mwenyewe kabla sijasema neno.